Kovu la Mwangi Nililolifuta kwa Penseli

Kiganjo, Thika
Jumapili mchana

Kwako Mama Respa,

Nakusalimu kwanza wewe, halafu Respa, halafu yule ng'ombe wako, maana najua nikimruka utasema mji umenifundisha kuringa. Hamjambo huko? Mvua imeshika? Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa na kukataa dawa ya zahanati? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeanza na mwili kwa sababu hayo mengine nitakueleza polepole, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kulia au kunitukana. Nakujua.

Barua hii sikuipeleka posta. Siku hizi za imajensi, hii hali ya hatari ya serikali, barua zinafunguliwa njiani na watu tusiowajua. Ameibeba Nehemia, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mananasi, anakuja nyumbani kumzika shangazi yake. Nimemwambia aiweke chini ya mfuko wa sukari na asiitoe mbele ya mtu yeyote. Kwa vile sasa unajua kusoma, soma peke yako. Usimpe mwalimu wa kanisa akusaidie, hata akijipendekeza namna gani. Ukimaliza, itie motoni. Tafadhali, si chini ya godoro kama zile nyingine. Motoni.

Unajua Maganlal, yule Mhindi mwenye studio ya picha, alivyonitoa kwenye kufagia akaniingiza chumba cha giza cha kuoshea picha. Niliwaandikia nikajisifu mpaka mama akaniambia niache. Sasa sikiliza kilichofuata. Mwaka huu aliniambia, "Wewe iko macho, lakini macho yako vivu. Enda barabara." Akanipa kamera yake ya zamani, ile uliyoniona nayo ulipokuja, ya kushika tumboni na kuchungulia kwa juu. Akanifundisha kutembea nayo nimeinamisha kichwa, watu wadhani nimeangusha kitu natafuta. Anasema, "Mtu najua, picha nakufa." Studio mtu huja ameoga, amejipaka mafuta, anakutazama vile anavyotaka yeye atazamwe. Barabarani hakuna anayekungoja. Filamu zangu za kwanza Maganlal alizinyanyua kwenye taa akaniuliza, "Hii nini? Hii mguu? Hii mkia ya punda?" Nilitaka kumwachia kamera yake pale pale mezani nirudi kufagia.

Lakini nilikaa, na nikaanza kuona. Alinifundisha kuacha rangi. Usitazame kitambaa chekundu cha mama muuza ndizi, uliza kwenye picha kitatoka cheusi au cheupe. Usipige saa sita, jua la saa sita linachimba mashimo machoni mwa watu. Ngoja asubuhi, wakati kivuli cha mtu kimelala njiani kirefu kuliko mwenyewe. Nilianza kuota picha, Mama Respa, naamka mkono umeshika hewa. Ijumaa za soko nilikuwa napanda treni mpaka Ruiru, nashuka stesheni, nazunguka na kamera tumboni mpaka filamu inaisha. Wachukuzi wa magunia ya kahawa. Akina mama wanagombania kivuli cha ukuta. Kinyozi na mteja wake, wote wawili wamesinzia, na wembe bado uko shingoni. Ile ungecheka mpaka ulale chini.

Taabu ni nyakati hizi zenyewe. Sisi watu wa Nyanza tunapita, lakini Wakikuyu wanabanwa kila upande kwa ajili ya wale wanaopigana na serikali msituni. Wakifanya msako, watu hupangwa mstari, halafu analetwa mtu aliyevishwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Anapita mbele yao mmoja mmoja. Akiitikia kwa kichwa mbele yako, unapandishwa lori, na watu wako watajua baadaye lilikushusha kambi gani, kama watajua. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona kamera anageuza uso. Mama mmoja pale Ruiru alinirushia kiazi, na hakukosea. Sikuwalaumu. Lakini nilijiambia picha zangu ni za kujifunzia tu, zimekaa kwenye debe la biskuti chini ya kitanda changu, zitamdhuru nani? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Sasa nije kwa Mwangi. Mwangi fundi cherehani, anayeshona barazani kwa yule Mhindi wa vitambaa Ruiru. Ndiye aliyekushonea gauni la maua ulipokuja kunitembelea, na mkewe Wambui ndiye mliyecheka naye siku nzima, wewe hujui Kikikuyu na yeye hajui Kinyore, mpaka leo sijui mlikuwa mnacheka nini. Utakumbuka shavu la Mwangi. Ana kovu kutoka sikioni mpaka karibu na mdomo, panga lilimteleza kaka yake wakikata majani ya ng'ombe wakiwa wadogo. Limechimba shavu kabisa, jua likimjia kwa upande lina kivuli chake. Wateja wapya humtazama hapo kabla ya kumtazama macho, naye anajua. Akijaribu kofia mbele ya kioo hugeuka upande mwingine.

Serikali ikatangaza kila Mkikuyu awe na pasi yenye picha. Maganlal akapata kibali cha kupiga hizo picha, na hapo studio yetu ikageuka stesheni, mstari mpaka nje. Mwangi alikuja katika hao. Maganlal akampiga, mimi nikaosha filamu. Na hapa lazima nikueleze kazi moja ya studio, usipoielewa hutanielewa.

Ukishaosha filamu unapata negativu, picha ya kinyume, mahali peusi pamekuwa peupe na peupe pamekuwa peusi. Mkunjo wa uso au kovu lenye kivuli huonekana pale kama mstari unaopitisha mwanga. Basi unachonga penseli mpaka ncha inakuwa sindano, unaegemeza negativu dirishani, unajaza ule mstari nukta kwa nukta, bila kupumua. Ukija kuchapa picha kwenye karatasi, mkunjo haupo. Kwetu hiyo ndiyo heshima ya studio. Bibi harusi mwenye makovu ya ndui anatoka na uso laini, mzee anapunguziwa miaka. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Maganlal alinifundisha kazi hiyo mwaka huu, na nikaishika vizuri kuliko yeye mwenyewe, alisema kwa mdomo wake.

Siku hiyo nilikuwa na rundo la negativu za harusi mbele yangu, penseli mkononi. Ikaja ya Mwangi. Nikaona ule mstari. Nikasema moyoni, rafiki yangu huyu, ngoja nimpe zawadi. Hakuna aliyeniambia pasi haitiwi penseli, na mimi sikuwaza. Nilimjazia kovu lake lote kuanzia sikioni mpaka mdomoni, Mama Respa, na nakwambia ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Alipoiona picha aliishika kwa ncha za vidole. Wambui akamnyang'anya akasema, "Ĩ, huyu ni nani? Huyu mwanamume mzuri anaishi wapi nimhamie?" Tukacheka sote. Karani wa pasi aliibandika, akapiga muhuri bila kuinua kichwa. Alikuwa na mamia ya kubandika.

Juzi Ijumaa nikashuka Ruiru kama kawaida. Nikapita barazani kwa Mhindi wa vitambaa kumsalimu Mwangi. Cherehani imefunikwa shuka. Wambui ameketi kwenye kile kiti cha mumewe, mikono ameifumbata mapajani.

"Mwangi yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko ndani ya waya."

Ndani ya waya ni kituoni, kuna uwanja nyuma uliozungushiwa seng'enge. Nikauliza amefanya nini.

"Unaniuliza mimi?" akasema. Hakupaza sauti, heri angepaza. "Walimsimamisha darajani. Askari akatazama pasi, akamtazama yeye, akaita mzungu. Mzungu akasema, wa kwenye picha hana kovu na wewe una kovu. Pasi hii umemnyang'anya nani? Na huyo mwenyewe umemfanya nini?"

"Si waulize watu! Ruiru nzima inamjua!"

"Ruiru nzima inatazama viatu vyake," akasema. "Yule Mhindi wa vitambaa alikwenda, akafukuzwa. Homugadi wa kwetu, yule mlinzi wa serikali aliyeshonewa suruali na Mwangi, alisema uso huo haujui vizuri. Kesho jioni lori linakuja kuwachukua. Akishapanda, Baba Respa, mimi nitamtafuta kambi gani?"

Nikamwambia nakwenda sasa hivi kituoni niseme ni mimi. Nilishainuka. Akanishika koti. "Utasema na nini? Mdomo? Watakutia ndani mle mle, halafu nitakuwa na watu wawili wa kulilia. Lete kitu cha kuonyesha." Halafu akaniangalia, akasema neno ambalo sijaweza kulitoa masikioni mpaka sasa. Akasema, "Uso wake ulikuwa unamtosha. Nani alikwambia utengenezwe?"

Nilirudi Thika na treni, kamera begani, sikupiga hata picha moja.

Jana asubuhi nilimngoja Maganlal mlangoni. Nikamweleza yote. Nilihitaji ile negativu, kwa sababu penseli inatoka, Mama Respa. Ukichukua pamba yenye tapentaini ukapitisha juu, penseli inafutika na mstari unarudi ulivyokuwa. Hicho ndicho kitu cha kuonyesha. Lakini negativu zote za pasi zinafungiwa kabatini, na ufunguo anao yeye shingoni pamoja na uzi wake wa dini.

Alipomaliza kunisikiliza alikuwa amepauka. "Hapana," akasema. "Wewe nakwenda polisi nasema studio ya Maganlal nabadilisha uso ya pasi? Leo nasema kovu moja. Kesho polisi nauliza, ngapi ingine? Duka nafungwa. Mimi nafungwa. Mtoto yangu natoka shule."

"Bwana, mtu atapakiwa lori leo jioni."

"Mimi nasikia! Mimi hapana kiziwi!" Akapiga meza, chupa za dawa zikaruka. "Nani naambia wewe tia penseli? Mimi naambia?"

"Hukuniambia. Wala hukunikataza."

Basi tukagombana, na wewe unanijua nikikasirika. Nilimwambia mambo yasiyofaa kuandikwa. Nilimwambia pesa za serikali zimemziba masikio. Nilimwambia nitavunja lile kabati na polisi aje anikute na nyundo mkononi. Akakaa chini kwenye kile kiti cha wateja wa picha, mbele ya lile pazia lililochorwa ziwa na swara, akashika kichwa. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee. Akakaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa ameugua. Halafu akavua ufunguo.

"Wewe nasema umeiba," akaniambia. "Maganlal hapana jua. Penseli hapana jua, kabati hapana jua. Wewe mwizi. Nasema hivyo?"

Nikasema, "Nasema hivyo."

"Apa."

Nikaapa. Mimi mtoto wa mzee wa kanisa, nikaapa kwamba nitajiita mwizi mbele ya polisi. Nikachukua negativu, chupa ndogo ya tapentaini, pamba. Na nikaenda chumbani kwangu nikafungua debe la biskuti nikatoa picha moja zaidi. Nilikuwa nimempiga Mwangi barazani miezi mingi nyuma bila yeye kujua, ameinamia cherehani, pini mdomoni, jua la asubuhi limemjia kwa upande na kovu linaonekana lote. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga barabarani. Nikaona hii itawamalizia ubishi.

Treni ilisimamishwa njiani, askari wakapanda kukagua watu behewa kwa behewa. Walipofungua mfuko wangu wakakuta chupa, mmoja akanusa akauliza ni pombe gani. Nikamwambia onja. Ninyi wanawake husema mdomo wangu utanizika. Bahati yule askari alicheka.

Kituoni Ruiru lori lilikuwa limeshafika. Limesimama uani, lango la nyuma limeshushwa, dereva amelala chini ya kivuli chake. Nikamwambia koplo wa mlangoni nina neno juu ya mtu wa pasi, akaniingiza kwa inspekta. Mzungu kijana, ngozi ya pua imebambuka kwa jua, na mbele yake pasi ya Mwangi iko wazi juu ya meza. Nikamwambia kwa pumzi moja: mimi ni fundi wa picha, ninafanya kazi kwa Maganlal, mimi ndiye niliyefuta kovu kwa penseli, bwana wangu hajui, negativu nimeiiba.

"Kwa nini wewe nafuta?"

"Kumpendezesha, Bwana."

"Kupendeza? Kwa pasi?" Akamtazama koplo, koplo akatazama dari.

Nikaomba ruhusa. Nikasimama dirishani, nikamwonyesha kwanza negativu ilivyo, shavu limejazwa penseli. Nikatia pamba tapentaini, nikapitisha. Kama ningeikwaruza hata kidogo basi, wangesema kovu nimelichora sasa hivi mbele yao. Penseli ikatoka ikaacha pamba nyeusi. Ule mstari ukarudi wenyewe, sikioni mpaka mdomoni. Nikampa. Akaishika kwenye mwanga muda mrefu, akageuza, akanusa vidole vyake. Nikamwekea na ile picha ya barazani mezani. Nikasema, "Hii ni ya zamani, Bwana, kabla ya pasi. Mtu ni yule yule."

Akaamuru Mwangi aletwe. Sitakuandikia alivyokuwa, ila kwamba jicho la upande wa kovu lilikuwa limefumba. Inspekta akamgeuza uso kwa dirisha, akaweka picha karibu na shavu, akatazama hapa, akatazama pale. Mwangi hakunitazama hata mara moja. Mimi nilikuwa naomba, sijui hata nilikuwa naomba kwa lugha gani. Mwishoni mzungu akacheka kidogo kwa pua. "Fundi mjinga," akasema. "Koplo, toa huyu. Pasi napigwa picha ingine." Na Mwangi akafunguliwa, Mama Respa. Lori lipo uani, na yeye akafunguliwa.

Ningetoka pale pale. Nilishashika kofia. Lakini inspekta alikuwa bado ameishika ile picha ya barazani, anaitazama.

"Picha mzuri," akasema. "Huyu alijua wewe napiga?"

"Hapana, Bwana." Na mimi, mjinga, kwa furaha ya kumwona Mwangi amefunguliwa, kwa kusifiwa na mzungu, nikaongeza, "Hawajui kamwe. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nina debe zima, Ruiru na Thika."

Tazama, hakuna aliyeniuliza. Hakuna! Aliinua macho taratibu akaniangalia kama ndio kwanza nimeingia. Akauliza debe hilo lina watu wa soko? Wa stesheni? Nikageuza kofia mkononi. Akamwambia koplo maneno kwa Kiingereza, na Kiingereza changu cha misheni kilinitosha kuelewa. Alisema yule mtu wao wa gunia ataketi kwenye kiti, anywe chai, atazame nyuso moja moja bila mtu kumwona, na wale watu wa msituni hawatajua walionekana lini. Halafu akanigeukia kwa Kiswahili. "Jumatatu saa tatu, wewe naleta debe yote. Kama hapana leta, mimi narudi kwa ile habari ya negativu ya wizi na penseli. Sawa?"

Nikasema, "Sawa, Bwana." Ningesema nini?

Tulitoka mimi na Mwangi tukafuata njia ya mtoni, yeye mbele. Nilitaka anipige. Nilimwambia nisamehe, akatikisa mkono kana kwamba afukuza nzi. Tulipofika mahali pasipo na mtu akageuka.

"Kwenye hilo debe kuna nani?" akaniuliza. Alikuwa amesikia yote, mlango ulikuwa wazi.

"Watu tu. Wa soko."

"Shadraka. Kuna nani?"

Nikaanza kumtajia. Kinyozi. Mama wa ndizi. Wachukuzi. Dereva wa gari la maziwa. Mashemeji wa Wambui wawili wamesimama stesheni siku ambayo hawakuwa na ruhusa ya kuwa stesheni, hilo nililifahamu pale pale nikilisema. Mwangi akaketi kwenye jiwe. Akasema, "Basi ungeniacha ndani." Hakusema kwa hasira. Aliondoka akaenda kwa mkewe, na mimi sikumfuata.

Leo asubuhi, watu wote wa nyumba hizi wakiwa kanisani, nimewasha jiko la magunzi nyuma ya nyumba. Nimezichoma. Filamu zote na picha zote. Nilidhani nitazitupa kwa mara moja nigeuke, lakini nilizitazama kila moja kwanza, sikuweza kujizuia. Filamu inanuka vibaya, inajikunja, inachuruzika. Kinyozi na wembe wake amekwenda. Mama aliyenirushia kiazi, nilikuwa nimempiga mkono ukiwa bado juu, amekwenda. Mwangi na pini zake sikuwa naye, amebaki kwa inspekta. Nililia kama mtoto, na usimwambie mama. Kila nilichojifunza kilikuwa ndani ya lile debe. Hizo ndizo nilizotaka kuzitundika ukutani siku nikifungua studio yangu pale sokoni kwetu Luanda, watu waingie waone mume wako ni fundi. Sasa debe ni tupu na sina hata moja ya kumwonyesha mtu kwamba niliwahi kushika kamera.

Kesho saa tatu nakwenda kituoni mikono mitupu. Nimefikiria kukimbia, nije na Nehemia. Lakini nikikimbia inspekta atakwenda kwa Maganlal, na kutoka kwa Maganlal atarudi kwa Mwangi, kwa sababu mwenye ushahidi wake ametoroka. Kwa hiyo nakwenda. Nitasema filamu ziliharibika, kwamba mimi ni mwanafunzi na mwanafunzi huosha vibaya. Atakubali au hatakubali. Naogopa, Mama Respa. Nakuandikia hilo wazi kwa sababu nikilisema hapa Thika hakuna wa kunishika mkono. Naogopa waya, naogopa lori, na zaidi naogopa kwamba nikipigwa nitataja majina, kwa maana nyuso nimechoma lakini kichwani bado zimo zote.

Ukikaa mpaka mwisho wa mwezi bila kusikia neno, usije huku. Usiuze ng'ombe kunitafutia wakili. Mwambie fundi asimamishe kile chumba cha studio cha Luanda mahali kilipofika, asiezeke. Respa aendelee na shule, hata nikiwa wapi. Na kama nimefanya ujinga nikakuachia mzigo peke yako, nisamehe. Nilitaka kumfurahisha mtu mmoja.

Mama umwambie nimesema anywe dawa. Kuka, babu yetu, apewe ugoro wake, Nehemia anao. Shemeji yangu aliyeoa dada yangu mdogo umwambie zile mbao za chumba cha Luanda asizitumie. Senge wetu, shangazi wa kule mlimani, umwombe aniweke kwenye sala za asubuhi, yeye huamka kabla ya wengine. Mwalimu wa kanisa msalimu, lakini kwa mbali. Respa umbusu utosini.

Ni mimi mume wako, ambaye kesho asubuhi nitakuwa nakuwaza wewe kuliko kitu kingine,

Shadraka, Baba Respa

Nimekudanganya hapo juu. Nimebakiza moja, imo ndani ya karatasi hii. Ni wewe, na gauni lako jipya, barazani Ruiru, unacheka, sikukwambia nakupiga. Mlikuwa wengi kwenye picha ile, kwa hiyo nimekata kwa mkasi pande zote ili ikikamatwa isimtaje mtu. Barua choma, hiyo kaa nayo. Ukiona vidole begani mwako na mwenyewe hayupo, usishtuke. Ni Wambui. Nilijaribu kumtoa kabisa, lakini hapo ningekukata na wewe.